"Uzee Tu, Mtendaji"

Msiba ulikuwa Tandika, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati, turubai limefungwa kutoka kwenye bati hadi kwenye mwembe wa jirani. Bibi mwenye nyumba alifariki alfajiri na mazishi yalipangwa baada ya Adhuhuri. Mtendaji wa mtaa alifika na kaunta buku lake kwapani, akapewa kiti cha plastiki jirani na wanaume waliokuwa wakipangana nani aende makaburini na nani afuate sanda. Akauliza jina, akaandika. Akauliza umri, pakatokea ubishi kidogo: mmoja akasema 70, mwingine akakumbusha kwamba marehemu alikuwa anasimulia Uhuru ulimkuta darasani, wakakubaliana 74. Kisha, bila kuinua macho, akauliza, "Alikuwa anasumbuliwa na nini?"

"Uzee tu, Mtendaji," akajibu kijana wake mkubwa.

Likaandikwa. Nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kuuona ukurasa. Juu ya mstari wa bibi kulikuwa na marehemu wa miezi iliyotangulia, na safu ya sababu ilisomeka hivi kutoka juu kwenda chini: presha, uzee, ajali ya bodaboda, uzee, ghafla, kuugua muda mrefu, presha, uzee.

Simlaumu mtendaji. Kazi yake siku ile ilikuwa kuhakikisha mwili unazikwa kwa utaratibu, na jua lilikuwa linapanda. Wala simlaumu mfiwa, maana kwetu kusema mtu amekufa kwa uzee ni kumpa heshima: kamaliza safari yake, hakukatishwa. Ninachosema ni kwamba neno hilo, likiandikwa mara nyingi kiasi hicho, linaficha wauaji. Na wengi wa wauaji hao tunawajua kwa majina, kwa sababu tumekuwa tukipambana nao kwa watoto na vijana kwa miaka mingi: kifua kikuu, nimonia, magonjwa ya kuhara, Ukimwi.

Madaktari wana kitabu cha kimataifa cha kuainisha magonjwa. Katika toleo lake la kumi, uzee una namba yake, R54, lakini umewekwa kwenye sura ya dalili na hali zisizoeleweka vizuri, pamoja na "homa isiyojulikana chanzo". Kwa wanaohesabu vifo, ukiandika uzee umeandika kwamba hujui.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana hapo ndipo wengi wetu, waandishi tukiwa mbele, tunapoteleza. Manispaa ya Temeke ilikuwa na watu 1,346,674 kwenye sensa ya 2022. Mkoa mzima wa Dar es Salaam ulikuwa na 5,383,728. Ni mkoa wa vijana. Watu wanakuja hapa wakiwa na miaka 18 au 25, kutoka Lindi, Tanga, Dodoma, Kagera, kutafuta riziki. Kitaifa wenye miaka 60 na zaidi, ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inawatambua kuwa wazee, ni chini kidogo ya 6 katika kila watu 100. Kwenye mitaa ya wapangaji ya Dar wanapungua zaidi ya hapo.

Sasa chukua kata mbili za kufikirika, kila moja ina watu 10,000. Ya kwanza iko mjini na ina wazee 200. Ya pili iko vijijini, mlimani huko ambako watoto wameondoka na wazazi wamebaki na migomba, nayo ina wazee 1,000. Tuseme mjini kila mwaka hufariki wazee 75 katika kila 1,000, na walio chini ya miaka 60 hufariki 5 katika kila 1,000. Vijijini tuseme ni 50 kwa wazee na 4 kwa wengine. Mjini ni kubaya zaidi kwa kila rika, hakuna ubishi. Lakini jumlisha: mjini watakufa wazee 15 na wengine 49, jumla 64. Vijijini watakufa wazee 50 na wengine 36, jumla 86. Ofisa atasimama kwenye kikao aseme kata ya mjini ina vifo 6.4 kwa kila watu 1,000 na ya vijijini 8.6, kwa hiyo mjini afya ni nzuri. Watu watapiga makofi.

Hicho ndicho kiwango ghafi cha vifo, na ghafi ni ghafi kweli, kama mchele usiopepetwa. Mpaka uugawe kwa umri, hujui unakula nini.

Waliowahi kupepeta vizuri hapa kwetu walianza 1992. Wizara ya Afya, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilianzisha mradi wa kufuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima katika maeneo matatu: mitaa kadhaa ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai, na Morogoro vijijini. Njia yao ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Kila kaya ilihesabiwa. Mtu akifariki, mhojaji aliyefunzwa alikwenda nyumbani baada ya muda wa kuomboleza na kuuliza maswali mfululizo: homa ilianza lini, alikohoa kwa wiki ngapi, alipungua mwili, upande mmoja ulipooza, alivimba miguu? Majibu yakapelekwa kwa madaktari, wakasoma na kutoa hukumu ya chanzo cha kifo. Ni uchunguzi wa maiti usiohitaji maiti, unahitaji kumbukumbu ya aliyeuguza tu.

Kwa watu wazima, Ukimwi na kifua kikuu vilitokea juu katika maeneo yote matatu, na kwa miaka ile hakuna aliyeshangaa. Kilichoshangaza kilikuwa kiharusi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba, baada ya kusawazisha umri, kati ya wanawake wa Dar wenye miaka 15 hadi 64 kiharusi kiliua 88 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Hai walikuwa 33, Morogoro 27. Wanaume walikuwa 65, 44 na 35. Uingereza na Wales, ambako tulidhani ndiko kwenye magonjwa ya wakubwa na washibao, walikuwa 10.8 kwa wanaume na 8.6 kwa wanawake. Utafiti mwingine wa 2003 hadi 2006 ulihesabu wanaopata kiharusi, wafe au wapone, nao baada ya kusawazisha umri: Dar takriban 316 kwa kila 100,000 kwa mwaka, Hai 109.

Kwa hiyo ile "presha" kwenye daftari la mtendaji haikutoka hewani. Ipo, na inaua. Hapa lakini ndipo panapohitaji utulivu, kwa sababu watu wengi wamezichukua takwimu hizo na kuhitimisha kwamba mzee wa mjini anakufa kwa magonjwa yasiyoambukiza na kijana kwa yanayoambukiza, kila mmoja na fungu lake. Mwilini mambo hayako hivyo.

Mtu aliyepooza upande mmoja anarudishwa nyumbani baada ya siku chache wodini. Analazwa chumba cha nyuma, kwenye godoro lililokwisha katikati. Koo nalo limepooza kiasi, kwa hiyo uji anaonyweshwa na mjukuu unashuka njia isiyo yake. Ndani ya wiki chache anapata nimonia. Au hageuzwi usiku, maana binti anayemuuguza naye amechoka na asubuhi ana genge la kufungua, na mgongo unatoa kidonda, kidonda kinaoza, sumu inaingia kwenye damu. Kilichomwondoa ni bakteria. Sasa, fomu ya kifo inayojazwa hospitali ina mistari inayoshuka: juu unaandika kilichomuua moja kwa moja, chini yake kilichosababisha hicho, hadi ufike kwenye mzizi. Takwimu huhesabu mzizi. Kwa hiyo daktari akijaza sawasawa kabisa, kifo hicho kinahesabiwa kiharusi, na nimonia inatoka kwa mlango wa nyuma. Kanuni hiyo ina maana yake, kwa sababu ukizuia kiharusi umezuia vyote. Ila mganga mkuu akisoma jedwali, haoni kwamba mwaka ule alihitaji pia watu wa kufundisha familia namna ya kumkalisha mgonjwa wakati wa kula. Na hao ni waliofia hospitali. Waliofia nyumbani wamepitia kwa mtendaji.

Kifua kikuu ndicho kinachonisumbua zaidi, kwa sababu ni ugonjwa tunaoujua. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza 1977, na njia aliyoisuka hapa Dk. Karel Styblo, ya kumpa mgonjwa dawa akitazamwa anazimeza na kuandika kila mmoja kwenye rejista, ikaja kuwa mfano wa dunia nzima. Dawa ni bure, matibabu ya kawaida ni miezi sita. Vifo vimeshuka sana tangu 2015. Hata hivyo Dar es Salaam kwa miaka na miaka ndio mkoa unaoripoti wagonjwa wengi kuliko mingine, na haishangazi ukizitazama korido zetu.

Tatizo ni kwamba tumeifundisha jamii dalili za kijana: kikohozi cha wiki mbili na zaidi, damu kwenye makohozi, homa za jioni. Kwa mzee ugonjwa unakuja umejitanda. Kikohozi kinaweza kuwa kidogo. Homa inaweza isipande, kwa kuwa mwili hauna tena nguvu ya kuwasha moto. Unachoona ni mtu anakonda, hataki kula, analala mchana, anapotea maneno. Na bakteria wenyewe huenda aliwavuta miaka 40 iliyopita, wakalala. Robo ya watu duniani wanakadiriwa kuwabeba hivyo bila kuugua. Kinga inaposhuka kwa umri, au kwa sukari ambayo huongeza hatari hiyo mara mbili hadi tatu, wanaamka. Familia inasema uzee umemwingia. Akianza kuchanganya majina ya wajukuu, wanasema malaria imempanda kichwani, ingawa malaria ya Dar ni kidogo mno ukiilinganisha na ya Kigoma au Geita. Na hata akifikishwa kwenye kipimo, anaambiwa atoe makohozi, na mzee dhaifu hana nguvu ya kuyatoa. Tuna mashine nzuri siku hizi, tuna hata panya buku wa Morogoro waliofunzwa kunusa sampuli, lakini panya naye lazima apewe kitu cha kunusa.

Ukimwi una kisa chake kifupi, na kinatia aibu. Tafiti za kitaifa za 2003–04, 2007–08 na 2011–12 zilipima damu za watu wenye miaka 15 hadi 49. Ukitimiza 50, kwa macho ya takwimu ulikuwa umeacha kuwa na mwili. Ni utafiti wa 2016–17 uliofungua mlango kwa watu wazima wa umri wote. Wakati huo waliokuwa na 45 mwanzoni mwa karne walikuwa wameshafika 60, wengine wakiishi na virusi kwa dawa, wengine wakizikwa kwa "kuugua muda mrefu".

Chanjo nazo zimefuata mkondo uleule. Tangu 2013 watoto wetu wanapata chanjo ya nimokoka, bakteria anayeongoza kwa nimonia. Ni jambo jema, na linamsaidia bibi kidogo pia, kwa kuwa mjukuu aliyechanjwa hamletei. Bibi mwenyewe hana ratiba ya chanjo. Mara pekee ninayoikumbuka mzee kuwekwa mbele kwenye foleni ya sindano ni Julai 2021, chanjo za Uviko zilipozinduliwa na wenye miaka 50 na zaidi wakatajwa kwenye kundi la kwanza.

Nimeugusa Uviko, basi niseme. Mapema Mei 2020 takwimu za taifa zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hapo zaidi ya mwaka. Mwanzoni mwa 2021 kila aliyekuwa na simu mjini hapa aliona matangazo ya misiba yakifuatana, na lugha yetu, yenye ufundi wa kusitiri, ikazaa maneno "changamoto ya upumuaji". Wengi niliowazika mimi kipindi kile walikuwa na zaidi ya miaka 60. Mjadala wa nani alikosea wapi umeshafanyika na utaendelea. Langu ni dogo zaidi. Hata serikali yenye nia ya kusema kila kitu, ingehesabu nini? Ili ujue vifo vimezidi lazima ujue kawaida ni vingapi, kata kwa kata, rika kwa rika. Safu iliyojaa "uzee" haina kawaida ya kulinganishwa nayo.

Kuna kikwazo kingine ambacho hata mhesabuji hodari hawezi kukikwepa: watu hawafii walipoishi. Mchaga akizidiwa Mbagala anarudishwa Rombo, na akifia Mbagala anasafirishwa usiku uleule. Mmakonde atapelekwa Newala akiwa bado anapumua, ili "akapumzike nyumbani". Wahojaji wa ule mradi wa 1992 waliwakuta vijijini watu waliorudi wakiwa tayari wagonjwa, wamekuja kufa kwao. Temeke inaugua, Rombo inaandika kifo. Kinyume chake kipo pia: mzee wa Kilwa analetwa kwa mwanawe Mbagala kutafuta matibabu, anafariki wiki ya pili, anahesabiwa kwenye vifo vya kata ambayo sensa haikumkuta. Ndiyo maana mfumo wa ufuatiliaji ulioanzishwa Ukonga na Gongo la Mboto, Ilala, mwaka 2011, ambao watafiti wa Muhimbili wamo, umekuwa ukifuata kaya zilezile zenye watu zaidi ya 100,000, nani kaingia, nani kahama, nani kazaliwa, nani kafa. Bila daftari la wanaohama, kiwango cha vifo cha mjini ni bahati nasibu.

Kisheria kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30. Kiuhalisia, wanaofuata cheti RITA, kwa wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ni wenye kitu cha kufuatilia: mafao, akaunti ya benki, kiwanja chenye hati. Bibi asiye na pensheni, ambaye nyumba yake warithi wameshaelewana kwa mdomo, nani atapanda daladala kwa ajili ya karatasi yake? Kwa hiyo hata rejista rasmi inawajua zaidi wazee wenye mali, na hao ndio ambao kifua kikuu hakiwaanzi.

Najua jibu nitakalopewa: kuna dirisha la wazee, kuna msamaha wa matibabu kwa wasiojiweza wenye miaka 60, kuna mabango ya kumpisha mzee. Ni kweli, nimeyaona, na nimemwona mzee akipishwa hadi mbele ya foleni, akaandikiwa dawa tatu, akapewa moja na kuambiwa mbili anunue nje. Lakini dirisha humhudumia aliyefika. Wa chumba cha nyuma hafiki.

Kinachowezekana hakihitaji mabilioni. Januari 2024 serikali ilizindua hapa Dar mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa nao zaidi ya 137,000 nchi nzima. Hao wanaingia majumbani. Wafundishwe yale maswali ya 1992, yaliyofupishwa, na wapewe orodha ya vifo kutoka kwa mtendaji kila mwezi. Mtendaji aandike jina, umri na nyumba. Sababu iachwe wazi, ijazwe na mhudumu baada ya arobaini. Wenzangu wengine wanataka mifumo ya kidijitali ianze kwanza. Mimi naona hata kaunta buku linatosha kuanzia, mradi safu ile isijazwe siku ya msiba na mtu mwenye haraka.

Kuuliza kunahitaji adabu, hilo nalikubali. Hakuna anayependa kuhojiwa kana kwamba hakumuuguza mama yake. Nilirudi Tandika siku ya arobaini, baada ya hitma, nikakaa korido na binti aliyemwosha bibi miezi yake ya mwisho. Sikuwa na fomu. Nilimuuliza tu alianzaje kuumwa.

"Kaka, alikwisha taratibu," akasema. "Khanga ilikuwa inamzunguka mara moja, ikawa inamzunguka mara mbili. Usiku shuka nabadilisha, limelowa kama limetoka kwenye beseni."

"Kikohozi?"

"Si sana. Kama mtu anayesafisha koo. Zahanati tulikwenda mara tatu, wakapima malaria hakuna, wakatuongezea dawa za presha."

Nikamuuliza kama kuna mtu mwingine humo ndani aliyewahi kuugua kifua. Akafikiri, akaelekeza kidole chumba cha mwisho, sasa kina mpangaji mpya. Alikuwepo fundi cherehani mwaka juzi, akasema, akinywa vidonge vya TB. Kodi ilimshinda, akahama kabla hajavimaliza.

Mimi si daktari, na bibi yuko kaburini na siri yake. Mtendaji hatakifuta alichoandika. Wajukuu wawili waliokuwa wakilala naye kitanda kimoja walipelekwa kupimwa Jumatatu iliyofuata. Mdogo ana miaka minne.